Anza na Notepad, mapambo baadaye

Mitihani inabisha hodi lakini hili limenikaa rohoni, acha niliseme.

Siku hizi kila anayesomea ualimu anataka tovuti ya kuwekea madesa ya kidato cha nne. Wazo zuri sana. Tatizo anakimbilia templeti ya bure yenye picha zinazotembea na maandishi yanayoruka. Kwenye kompyuta ya maabara inapendeza kweli. Sasa ifungue kwa simu ya mwanafunzi wa kijijini mwenye bando la MB 50, uone!

Mimi nasema anayeanza aandike HTML kwa mkono. Fungua Notepad, andika, hifadhi faili kwa jina index.html, bofya mara mbili. Ukurasa unafunguka hata bila intaneti. Alama za kuanzia ni chache: h1 kwa kichwa cha habari, p kwa aya, a kwa kiungo, img kwa picha. Tovuti ya kwanza kabisa, ya Tim Berners-Lee kule CERN mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu, na kazi ilifanyika.

Halafu zingatia haya matatu:

Kwanza, picha. Picha ya simu inafika MB 3 kirahisi. Ipunguze upana hadi pikseli 800 kabla ya kuipandisha, mara nyingi itabaki KB mia na kitu.

Pili, weka ule mstari wa meta viewport. Bila huo, simu inauchora ukurasa kama wa kompyuta kisha inaufinya, herufi zinakuwa sisimizi.

Tatu, andika lang="sw" juu, na alt kwenye kila picha. Wenzetu wasioona wanasomewa ukurasa na programu ya sauti. Bila lang, Kiswahili chako kinaweza kutamkwa Kizungu. Bila alt, hawatajua picha ni ya nini.

Mtaniambia templeti inaokoa muda. Sawa, sikatai. Ila sisi walimu watarajiwa tunajua mtoto hapewi kikokotoo kabla hajajua kujumlisha. Templeti ikigoma, aliyeanza kwa mkono anajua pa kushika.

Haya, ukurasa wako una KB ngapi? Kama hujui, anayelipia bando anajua.

Nawasilisha.