Butura ya Ngoma Haina Budi Kukomeshwa

Wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba hawana haja ya kufundishwa maana ya butura. Mkulima amebanwa na shida ya leo, ana mgonjwa nyumbani au mtoto wa kupeleka shule, naye huuza kahawa yake ingali mtini kwa bei anayoitaja mnunuzi. Msimu ukifika, shamba ni lake na jasho ni lake, lakini mavuno ni ya mwenziwe. Uovu huu umekemewa miaka mingi, na mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ya Kagera iuzwe kwa njia ya vyama vya ushirika, ili mkulima aione haki yake kwenye mzani. Leo twataka kusema habari ya butura nyingine, isiyo na mzani wala ghala. Nayo ni butura ya ngoma.

Kila afikapo mgeni wa heshima katika mkoa wetu, wa kwanza kumlaki ni vijana wa ngoma. Mwenge wa Uhuru ukipita, wao wapo. Harusi ikifanyika Kamachumu au Kanyigo, wao wapo. Mkutano wa Chama ukiitishwa, wao ndio wanaokusanya watu kabla msemaji hajapanda jukwaani. Hucheza juani toka asubuhi, na magari ya wakubwa yakiisha kuondoka, hapo ndipo yaanzapo maneno. Fedha zilikuwa kiasi gani? Nani alizipokea? Mbona fulani kapata zaidi? Na zile noti walizotuzwa wachezaji mbele ya watu, zimekwenda wapi? Siku ya pili kikundi kimoja kimekuwa viwili, na ngoma zimefungiwa chumbani kwa mtu.

Wako wasemao kwamba hayo ni magomvi ya watoto, na kwamba kijana wa leo hana adabu. Sisi hatukubali. Magomvi haya ni ya zamani kuliko vijana wenyewe, na mizizi yake yaonekana wazi kwa kila atakaye kuitazama.

Tangu siku za beni, ngoma iliyoenea Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na Kingi wao na Majenerali wao, na wanachama walitoa michango. Palipo na cheo na mchango hapakosi swali la nani atawale na nani ashike mfuko. Hali kadhalika katika muziki wa dansi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, na wanamuziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Hilo lilikuwa jambo jipya na jema, kwani mpiga gitaa alihesabiwa kuwa mfanyakazi kama makuli wa bandarini. Hata hivyo uhamaji haukukoma. Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978 ilipata wanamuziki kutoka bendi nyingine, na mwaka 1985 nayo ikanyang'anywa kundi la watu wake muhimu walioahidiwa maslahi bora na mwenye Orchestra Safari Sound. Watu hawakuhama kwa kukosa adabu. Walihama kwa sababu mtu mwenye kipaji hutafuta mahali panapokithamini.

Kwetu Bukoba tuna mfano ulio karibu zaidi. Bibi Saida Karoli alitoka huku huku, akaimba kwa Kihaya, na mwaka 2001 wimbo wake Maria Salome, ambao wengi huuita Chambua kama Karanga, ukapigwa na kuchezwa hata na watu wasiojua neno moja la lugha yetu. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny aliupa wimbo huo sura mpya kwa jina la Salome, ukasikika tena Afrika Mashariki nzima. Bibi Saida mwenyewe amepata kusema hadharani kwamba riziki aliyoipata katika kazi zake za mwanzo haikulingana na sifa zake. Sisi si mahakimu wa shauri hilo, maana kila mapatano yana pande mbili, na aliyetoa fedha za kurekodi naye ana neno lake. Lakini tunauliza hivi: ikiwa jina kubwa kama hilo laweza kubaki na manung'uniko ya miaka mingi, hali ya binti wa kijijini Nshamba, anayecheza nyuma ya wenzake kumi na watano bila hata kuandikwa jina lake mahali popote, itakuwaje?

Na tuitazame sasa mizizi yenyewe.

Mzizi wa kwanza ni umiliki wa vyombo. Katika nchi za Wahaya ngoma ilikuwa alama ya utawala wa Mukama. Mwenye ngoma ndiye mwenye nchi. Utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963, lakini desturi ya kwamba mwenye ngoma ndiye mwenye watu haijaondoka vikundini. Aliyenunua ngoma, njuga na sare hujiona mwenye kikundi, mwenye jina la kikundi, na mwenye fedha zote zinazopatikana. Twakubali kwamba ametumia fedha zake na anastahili kurudishiwa. Lakini kukodisha ngoma ni jambo moja, na kumiliki watu ni jambo jingine. Na akodishe kwa bei inayojulikana, kisha jasho ligawanywe kwa wenye jasho.

Mzizi wa pili ni heshima isiyotumiwa mahali pake. Kijana wa Kihaya aliyelelewa vizuri huitikia "waitu" mbele ya mkubwa wake, wala si rahisi amkabili na kumwuliza, "Ta, zile fedha za Jumamosi ziko wapi?" Hivyo hunyamaza mwaka, hunyamaza miwili, na siku anapofungua kinywa hufungua kwa ghadhabu. Twasema kwamba hesabu si matusi. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari ya msimamizi aliyeitwa atoe hesabu ya uwakili wake. Msimamizi mwaminifu hangoji kuitwa, huileta mwenyewe. Kiongozi anayesoma hesabu mbele ya wenzake huwaondolea vijana wake hitaji la kumkosea heshima. Siku hizi malipo mengi hupelekwa kwa simu, nayo simu ni ya mtu mmoja. Fedha huingia mfukoni mwake kabla wengine hawajafuta jasho. Hata aliye mwaminifu kabisa hawezi kuepuka kushukiwa katika utaratibu wa namna hiyo.

Mzizi wa tatu unatuhusu sisi wenyewe, na itakuwa aibu gazeti la Chama kuuficha. Mara nyingi waalikaji wa ngoma ni viongozi, na miongoni mwao wamo viongozi wetu. Wafunga maturubai hulipwa. Mwenye vipaza sauti hulipwa, na asipolipwa huzima mitambo yake. Mwenye gari hulipwa mafuta na posho. Mcheza ngoma hupewa soda, fulana na kofia, akapandishwa nyuma ya lori kurudishwa kijijini usiku, na kuambiwa kwamba amefanya kazi ya kizalendo. Tunawauliza wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu: ni nani kati yenu angekubali kulipwa mshahara wa mwezi kwa kofia? Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 aliueleza utamaduni kuwa roho ya taifa. Hakusema kwamba wanaoitunza roho hiyo wafanye kazi kwa soda.

Wako watakaojibu kwamba ngoma ni furaha, na kwamba fedha zikiingia desturi itaharibika. Ya kwamba wazee wetu walicheza omutoro kwa ajili ya heshima tu. Hoja hii ina ukweli wake nusu. Wazee waliocheza walilishwa, walinyweshwa lubisi, wakapewa zawadi, na waliporudi walikuwa na kibanja cha migomba na kahawa. Kijana wa leo mara nyingi ni mtoto wa nne au wa tano katika kibanja kilichogawanywa mpaka kikawa ua. Kucheza kwake ndiyo kazi yake. Na tena, fedha zimekwisha kuingia katika ngoma zamani. Lililobaki ni kuamua kama zitaingia kwa mlango ulio wazi au kwa dirisha la nyuma.

Nini kifanyike? Bukoba haina haja ya kwenda kuazima akili ng'ambo. Wakulima wa nchi hii ndio waliosimama kuzipinga kanuni za kahawa za wakoloni mwaka 1937, na mwaka 1950 wakawa na Chama Kikuu cha Ushirika chao, ili wasiuze tena kila mtu peke yake gizani. Walitambua kwamba mnyonge haokolewi na manung'uniko. Huokolewa na chama chenye katiba, mzani na daftari. Hayo hayo yawezekana katika ngoma.

Kwanza, kila kikundi kiwe na katiba fupi iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kisajiliwe kwa msaada wa afisa utamaduni wa wilaya, na viongozi wake wachaguliwe kwa muda maalumu. Pili, fedha zikae katika akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja, na mgawanyo utajwe kabla ya safari: fungu la wachezaji, fungu la vyombo, fungu la akiba. Tuzo nazo zitajwe, kama ni za mtuzwa au ni za wote. Tatu, asitie saini mtu mkataba wa kurekodi kabla hajasomewa na mtu asiye na faida ndani yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na COSOTA ipo. Lakini sheria haimsaidii aliyekwisha kuuza kila kitu kwa karatasi asiyoisoma. Hiyo ndiyo butura yenyewe. Nne, kikundi chenye katiba na akaunti chaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ambamo asilimia 4 ya mapato ya ndani imewekwa kwa ajili ya vijana, kikanunua ngoma zake na kuacha kuwa mpangaji katika kazi yake.

Tano, na hili ni letu: matawi, kata na wilaya za Chama zitenge malipo ya ngoma katika bajeti ya kila mkutano, zilipe siku ile ile, na zilipe mbele ya kikundi kizima, si kwa kumnong'oneza kiongozi nyuma ya gari. Chama kilichozaliwa kutetea haki ya mfanya kazi hakiwezi kuwa mnunuzi wa butura.

Twajua kwamba baadhi ya wakubwa hawatapendezwa na maneno haya. Na wawe radhi. Jambo likisemwa mapema kati ya ndugu laweza kutengenezwa. Likiachwa lioze, vijana watalipeleka mahali pengine, na siku Mwenge utakapopita tutaulaki kwa ukimya. Mwenye masikio na asikie.