Setilaiti ya 'Uhuru' ifundishwe mashuleni

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna watoto wetu wanavyofundishwa habari za safari za anga.

Mwanafunzi ukimwuliza, atakutajia Sputnik ya Warusi ya tarehe 4 Oktoba 1957, Yuri Gagarin wa 1961, na Neil Armstrong aliyekanyaga mwezi 1969. Ni vizuri. Lakini mwulize ni setilaiti gani ya wakati ule iliyopewa jina la Kiswahili, na ilirushiwa wapi. Atakaa kimya, na pengine mwalimu wake pia.

Setilaiti hiyo ni Uhuru. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco ambalo Waitalia walilisimamisha baharini karibu na Malindi. Setilaiti yenyewe ilikuwa ya Wamarekani, nao wakaipa jina hilo kwa heshima ya sikukuu ile.

Hawa hawakufuata upepo wa Malindi. Kwenye Ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya kilometa zipatazo 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Roketi yao, Scout, ilikuwa ndogo, kwa hiyo msaada huo ulikuwa mkubwa.

Na kazi yake haikuwa ya mchezo. Mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota huzuiwa na hewa, haitufikii huku chini. Kabla ya hapo wataalamu walirusha roketi zilizochungulia kwa dakika chache kisha zikaanguka. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na vipimo vyake vikawafanya wataalamu waanze kuamini kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi, yaani kitu kizito mno ambacho hata mwanga hauponyoki. Riccardo Giacconi, aliyewaongoza wataalamu hao, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Ndugu Mhariri, kuna jambo linalonisikitisha. Kati ya 1967 na 1988 jukwaa lile lilirusha setilaiti tisa, za Waitalia, za Wamarekani na moja ya Waingereza. Ya Kenya hata moja hakuna. Na Kenya ilipokuwa na Taifa-1 yake, Aprili 2023, ilibidi ikarushiwe California. Mmarekani alileta yake Malindi, Mkenya akapeleka yake Marekani!

Najua wapo watakaosema roketi ni anasa wakati zahanati hazina dawa. Siwabishii kuhusu roketi. Mimi nazungumzia kitabu cha shule, ambacho tunachapisha hata hivyo. Kijana wa Lamu au Tanga asiyejua kwamba wakubwa wa dunia walivuka bahari kuifuata pwani hii kwa kazi hiyo, atakuaje na hamu ya kuwa mhandisi wa mambo hayo?

Nawaomba wanaohusika na mitaala, Kenya na hapa kwetu, waiweke Uhuru katika vitabu vya sayansi, ukurasa uleule wa Sputnik, pamoja na ramani inayoonyesha Malindi.

Msomaji wako,
Tanga.