Hiyo falsafa unaila?

Nimekuwa kimya kidogo, majaribio yalitubana, lakini kuna jambo limenikaa rohoni na leo nalimwaga hapa.

Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja anasoma shahada ya falsafa, mwaka wa pili. Mimi ni wa ualimu. Jumapili mjomba wake alikuja kumtembelea, mkononi ana mfuko wa karanga. Tukapiga stori vizuri tu, mpaka mzee alipouliza: "Sasa mjomba, hiyo falsafa unaila? Au unataka kuwa padri?" Jamaa akacheka. Mzee hakucheka. Ndiye anayelipa ada, na muhula ujao anataka jibu, la sivyo jamaa atafute kozi nyingine.

Swali la padri halinishangazi. Wengi wetu falsafa tunaijua kupitia seminari. Pale Kibosho, Kilimanjaro, vijana wanaojiandaa na upadri husoma falsafa kabla ya kwenda teolojia. Na hilo la kula ni swali la haki kabisa. Mimi nikimaliza, hata ajira ikichelewa, kitaa kizima kitajua naitwa mwalimu. Yeye hakuna ofisi yenye kibao cha "Mwanafalsafa". Wanaosema mzee hajasoma ndiyo maana anauliza hivyo, wanamkosea adabu.

Ila mimi nina deni kwa jamaa.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Kidato cha pili, somo la uraia, mada demokrasia. Nikawaambia wengi ndio wanaoamua. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, wengi wakikubaliana kumwonea mmoja, hapo ni haki?" Nikakwama. Nikamjibu, "Hilo halitoki kwenye mtihani, kaa chini." Darasa likacheka. Yule binti hakunyoosha mkono tena mpaka naondoka.

Niliporudi nikamsimulia jamaa kama kichekesho. Akaniambia Socrates alihukumiwa kifo kule Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, na hukumu ilipitishwa kwa kura za wengi. Yaani swali la binti lina zaidi ya miaka 2,400, watu wamelivunjia vichwa, na mimi nimelinyamazisha kwa sekunde tano! Niliona aibu.

Sisi wa ualimu tumezoea madesa. Unameza, unatapika kwenye karatasi, basi. Tukifika darasani tunawafundisha watoto hivyo hivyo. Wenzetu wa falsafa wanafundishwa kupima hoja: je, hiki kweli kinatokana na kile? Kila mwalimu ana subira, Juma ana subira, basi Juma ni mwalimu? Hapana. Lakini sikiliza kampeni za uchaguzi uone hoja za namna hiyo zinavyopigiwa makofi.

Na tusidhani kufikiri ni mali ya chuo. Marehemu Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikwenda vijijini kuhojiana na wazee wenye hekima, akatetea kwamba miongoni mwao wamo wanafalsafa hasa, hata kama hawakusoma shule. Kwa hiyo mjomba naye yumo! Anauliza elimu ni ya nini, swali lile lile la Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967.

Maoni yangu: jamaa asihame. Ila amwambie mjomba ukweli, kwamba shahada hii haina kazi yenye jina lake, itabidi aongeze ujuzi mwingine na kuanza kujitafutia mapema. Na sisi walimu watarajiwa tuchukue japo kozi moja ya mantiki au maadili.

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Safari ijayo ule mkono ukinyooshwa, nitasema: "Sina jibu, hebu tufikiri pamoja."

Nyie wadau mngemjibuje mjomba?