Nani Anasoma Vyeti vya Dawa?

Mtumishi wa umma anayekatwa asilimia 3 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri akamchangia asilimia 3 nyingine, amekwisha kulipia dawa kabla hajaugua. Ndiyo maana haulizi. Huingia zahanati binafsi ya mtaani na mafua ya siku mbili, akatoka na mfuko wenye antibayotiki, dawa ya mzio, dawa ya kikohozi, vitamini, na kidonge cha kulilinda tumbo dhidi ya vidonge vingine vyote. Naye hushukuru kwamba amehudumiwa. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Daktari hawezi kuwa halijui hilo.

Basi tuache kulijadili jambo hili kama suala la ujinga. Ni suala la malipo. Kituo kinacholipwa kwa kila kipimo na kila kidonge kinachotoka dirishani kina sababu ya kuandika vingi. Mtoto anayeharisha, mara nyingi, anahitaji maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki, vitu vya bei ndogo kiasi kwamba hakuna wakala wa kampuni ya dawa atakayepanda ngazi kuvinadi. Seftriaksoni ya sindano ina faida nono zaidi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo katika kundi la zile za kuchungwa, kwa maana vimelea vikiizoea tutabaki mikono mitupu mbele ya homa ya uti wa mgongo.

Tarehe 1 Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama. Tukabishana juu ya bei. Mimi sikusikia likiulizwa swali la msingi zaidi: dawa hizo ziliandikwa kwa ugonjwa gani? Bei ya kidonge ikishushwa kwa nusu, na vidonge vikaandikwa mara mbili, Mfuko umeokoa nini?

Majibu yamo ndani ya fomu za madai: ugonjwa, dawa, idadi, gharama. Uingereza huchapisha kila mwezi dawa zilizoandikwa na kila kituo cha madaktari wa mtaa, bila jina la mgonjwa hata mmoja, na tangu 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wamewezesha raia yeyote kulinganisha kituo chake na vya jirani. Hapa, mchangiaji hana pa kutazama.

Nitaambiwa kwamba wagonjwa wenyewe hudai sindano. Ni kweli; nina shangazi asiyekubali kuwa ametibiwa mpaka achomwe. Nitaambiwa pia kwamba kituo chenye wazee wengi hakifanani na chenye wanachuo. Ni kweli vilevile, basi tulinganishe vinavyofanana. Hoja zote mbili zinadai takwimu zaidi. Hakuna inayohalalisha kuzificha.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Kabla ya kumwomba mkulima na mamantilie wachangie, Mfuko uchapishe takwimu za dawa moja tu, seftriaksoni, katika wilaya moja, kituo kwa kituo.