Injini ya 40 Inaweza Kukuvuta, Lakini Anko, Usichukue Mkopo

Krismasi hii sijui kama nitaalikwa kwa anko. Wacha niseme tu.

Anko alistaafu mwaka jana akanunua boti. Si mtumbwi kama ule wa vijana wa Fourteen Falls hapa karibu na kwetu Ngoliba. Hii ni boti ya faiba, mita 5 na nusu, injini ya 40 nyuma. Anaiweka bwawa la Masinga. Wikendi tunafuata barabara ya Garissa, tunapita Matuu, tunaenda kuzungusha wageni majini. Watu 8 ndani, pole pole, na inaenda poa.

Sasa binamu yangu ameona video za watu wakivutwa na boti wakiwa wamesimama kwa ubao, ile weikibodi, wanaruka mawimbi. Akamwambia babake pesa iko hapo. Wakakaa, wakaamua 40 haitoshi, inunuliwe 90, na hati ya shamba ipelekwe sacco. Mimi nikapewa kazi ya video ya tangazo. Nikakataa. Jibu nililopata: "Wewe uliyeacha uhandisi mwaka wa pili ndio utatufundisha injini?"

Sawa, niliacha. Lakini hesabu sikuacha huko.

Watu hudhani shida ni mwendo. Si mwendo. Mtu wa weikibodi anahitaji kama kilomita 30 hadi 35 kwa saa, anayejifunza hata chini ya hapo. Boti nyepesi yenye injini ya 40 inafika huko bila stori mingi. Shida ni zile sekunde chache za kwanza. Mtu yuko ndani ya maji, ubao umezama mbele yake, boti nayo imeketi mkia chini. Injini inatakiwa kuinua vyote viwili kwa wakati mmoja. Vikishateleza juu ya maji, mzigo unapungua. Visipopanda, jamaa anakunywa maji tu na mikono inamuuma.

Halafu kuna kitu wengi hawafikirii: tuko juu. Injini hupumua hewa, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Kila ukipanda mita 300 hivi, injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu. Masinga iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, kwa hivyo ile 40 ya anko ni kama 36. Ukiipeleka Naivasha, karibu mita 1,900, inabaki kama 33. Injini hiyo hiyo ukiishusha Mtwapa, unapata 40 yako yote.

Je, 36 inavuta? Inavuta. Lakini kwa masharti. Mtu wa kilo 60 hivi, ubao mrefu, na ndani ya boti watu wawili pekee: dereva, na mwingine anayeangalia nyuma muda wote. Huyo wa pili si wa kupunguza. Dereva hawezi kuangalia mbele na nyuma pamoja, na mtu akianguka lazima aonekane saa hiyo hiyo.

Na kabla ya kununua injini, badilisha propela. Ya pembe ndogo, tuseme utoke inchi 13 uende 11, hung'oa boti haraka zaidi. Utapoteza mwendo wa juu kidogo, lakini huuhitaji. Hakikisha tu injini haizunguki kupita kiwango cha aliyeitengeneza. Propela haihitaji hati ya shamba.

Hiyo 90 nayo? Angalia kibao cha boti. Kimeandikwa mwisho ni 60. Ukifunga 90 unaweka uzito na nguvu ambayo nyuma ya boti haikujengwa kubeba. Ukikata kona kwa kasi, unaweza kupinduka.

Sasa tuje kwa pesa, kwa sababu ndiyo wanaongelea. Kuzungusha wageni, unabeba watu 8 na injini inanguruma pole pole. Kuvuta mtu, unabeba mteja mmoja, na kila akianguka injini inafunguliwa tena yote. Injini ya 40 ya stroku mbili ikifunguliwa yote inaweza kunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Anko, utamlipisha huyo mteja mmoja ngapi ndio ashinde wale 8?

Na hata ungekuwa na 200 hapo nyuma, Masinga ina mamba. Ina viboko pia. Mtu wa weikibodi, hasa anayejifunza, anakaa ndani ya maji kuliko anavyosimama. Anaanguka, boti inageuka kumfuata, yeye anaelea na jaketi lake akingoja. Hizo dakika ndizo sitaki kuzipiga picha. Wageni watakuja kwa sababu ya video yangu, na mmoja asiporudi, jina langu pia liko hapo.

Mchezo wenyewe siupingi. Watu huvutwa Kilifi kwenye mkono wa bahari, na mimi nikipata nauli nitaenda kujaribu. Lakini huko ni huko.

Anko, boti yako iko sawa vile ilivyo. Acha hati ya shamba kwa kabati. Nunua jaketi za kutosha za saizi ya watoto, maana kila Jumapili tunawakosesha. Video ya machweo pale Masinga nitakupigia bure, siku yoyote.

Na wewe mwenye boti unayeona nimekosea, niambie injini yako ni ngapi, uko ziwa gani, na ulivuta mtu wa kilo ngapi. Nitasoma.