"Soma Lebo Uamue Mwenyewe" ni Upuzi

Kila nikiongelea dawa feki, lazima mtu atokee kwa komenti: "Serikali iwaachie watu biashara. Mnunuzi ni mtu mzima, asome lebo aamue mwenyewe."

Asome lebo gani, buda? Hiyo iliyoandikwa na mwongo?

Marekani walishapitia hii kitu. Kulikuwa na sirapu ya kutuliza watoto, Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Ndani mlikuwa na mofini, na chupa haikumwambia mama. Sheria ya 1906 ikalazimisha lebo zitaje pombe, kasumba, kokeini na mambo kama hayo. Safi. Lakini 1911 kesi ya jamaa aliyeuza dawa ya kansa ikafika Mahakama ya Juu, na majaji wengi wakasema sheria inakataza kudanganya kuhusu kilichomo ndani, haikatazi kudanganya kwamba kinaponya. Rudia kusoma hapo. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa, ila serikali ikabaki na kazi ya kuthibitisha kwamba muuzaji alikusudia kulaghai. Yaani ukiapa "mimi naiamini dawa yangu", umepona wewe, si mgonjwa.

Halafu 1937, kampuni ya Massengill ikachanganya dawa ya salfa na kemikali yenye sumu, bila kuijaribu hata kwa mnyama. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Unajua sheria iliwashika kwa nini? Jina! Iliitwa "Elixir", neno linalomaanisha kuna pombe, na pombe haikuwemo. Bila hilo neno, maafisa wangekosa sababu ya kuzikamata zile chupa. Ndio 1938 wakaamka: thibitisha ni salama kwanza, uuze baadaye.

Sasa tuje nyumbani. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, inakataza matangazo ya dawa yanayopotosha. Bodi tunayo. Lakini tukisikia msako, ni kemisti ya mtaani imefungwa. Yule anayeuza kwa simu, chupa moja ya presha, kisukari na vidonda vya tumbo, hana mlango wa kutiwa kufuli.

Najua kwa sababu wananitafuta. Nimeulizwa nishike chupa, nitabasamu, niseme imenisaidia. Nikauliza imesajiliwa? Kimya. Ndani mna nini? "Mitishamba tu, usijali." Nimekataa, na msinipigie makofi, niliacha chuo, doh naihitaji kuliko wengi wenu. Lakini kuna mtu ataiona hiyo video aache dawa zake za kisukari. Huyo hatarudi kwa komenti kulalamika.

Kwa hivyo Bodi, fuateni tangazo, si duka peke yake. Mkikuta kontenti krieta ameshika chupa, mwiteni yeye pamoja na aliyemlipa, na msiulize kama aliiamini. Ulizeni ushahidi uko wapi. Na nyinyi mnaosoma hapa, mkiliona tangazo kama hilo, pigeni skrinishoti mtume kwa Bodi kabla halijafutwa.