Mgeni njoo, mwenyeji apone: Turkana ifunze vijana wake kusimamia hafla kubwa

MGENI njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Katika Kaunti ya Turkana msemo huu unahitaji kutathminiwa upya, kwani wageni wamekuwa wakifika kwa maelfu ilhali si kila mwenyeji anayepona.

Baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, serikali ya kaunti hiyo ilianzisha mjini Lodwar tamasha la utalii na utamaduni la Tobong'u Lore, jina lenye maana ya 'karibu tena nyumbani'. Tamasha hilo huwakutanisha Waturkana na ndugu zao wa jamii za Ateker kutoka nchi jirani, wakiwemo Wakaramojong wa Uganda, Watoposa wa Sudan Kusini na Wanyangatom wa Ethiopia.

Kilomita zipatazo 120 kutoka hapo, kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliandika historia mnamo Juni 9, 2018, ilipoandaa kongamano la kwanza la TEDx kuwahi kufanyika ndani ya kambi ya wakimbizi. Miongoni mwa waliozungumza ni mwanamitindo Halima Aden, aliyezaliwa kambini humo. Aidha, kila Juni 20 wakazi wa Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei huadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani kwa ngoma, hotuba na vyakula vya mataifa mbalimbali.

Swali linaloibuka ni je, nani hupika katika hafla za aina hii? Nani hupanga viti, huhesabu lita za maji na kukagua vyoo? Na muhimu zaidi, hafla ikiisha, malipo huingia katika mfuko wa nani?

Ukweli ni kwamba kampuni yenye mahema, majokofu, vipaza sauti na jenereta za kutosha kwa shughuli ya watu elfu mbili ni rahisi kuipata Eldoret au Nairobi kuliko Lodwar. Kijana wa Turkana huambulia vibarua vya kushusha mizigo, kuosha masufuria na kufagia uwanja. Mgeni akiondoka, malori huondoka pia, pamoja na ujuzi na pesa.

Hali hii haikuzuka jana. Chuo cha Utalii cha Kenya kilianzishwa jijini Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Serikali ya Uswisi, na kimetoa wapishi, wahudumu na mameneja wa kutegemewa. Chuo cha pili cha aina hiyo, cha Ronald Ngala, kilipelekwa Vipingo katika Kaunti ya Kilifi. Mantiki ilikuwa wazi: mafunzo yafuate mahoteli ya watalii, nayo yako Nairobi, mbugani na Pwani. Kijana wa Kalobeyei aliye umbali wa zaidi ya kilomita 600 kutoka jiji kuu hakuwa katika hesabu hiyo.

Hata pale somo la upishi na huduma za hoteli linapofundishwa karibu naye, mara nyingi mwanafunzi hufunzwa kuandaa meza ya watu wanne, kukunja vitambaa na kupokea mgeni kwenye kaunta. Hayo ni mambo mema. Lakini hafla kubwa si meza ya watu wanne iliyozidishwa mara mia tano. Ni kazi tofauti, yenye hesabu zake na hatari zake.

Tuchukue maji. Ukikadiria lita tano tu kwa kila mgeni kwa siku, za kunywa, kunawa na kupikia, hafla ya watu 2,000 kwa siku tatu itahitaji lita 30,000. Hayo ni malori matatu ya lita 10,000 kila moja. Katika mji unaotegemea visima vya kando ya Mto Turkwel, asiyepanga suala hilo mapema atajikuta akiwanyang'anya wenyeji maji yao ili wageni wanawe.

Tuje kwenye chakula. Wataalamu wa afya hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto au jokofu kwa zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali muda huo upunguzwe hadi saa moja. Lodwar, adhuhuri, joto hupita nyuzi 35. Hotuba za viongozi nazo, kama tujuavyo, haziishi kwa wakati. Pilau iliyoivishwa saa tano asubuhi na kupakuliwa saa tisa alasiri, kwa sababu mgeni wa heshima alichelewa, ni hatari inayonukia vizuri.

Asiyeamini na akumbuke yaliyotokea Nairobi mwaka 2017, pale wageni waliohudhuria makongamano na maonyesho ya biashara walipougua kipindupindu. Ikiwa jiji lenye mahoteli ya kifahari liliumbuka namna hiyo, itakuwaje kwa mji ambao kaunti yake yenyewe ilikumbwa na maradhi hayo mwaka huo huo?

Kisha kuna umati. Kila Oktoba 20 tumekuwa tukiadhimisha Mashujaa katika kaunti mbalimbali, lakini ile ya Kericho mwaka 2023 itakumbukwa kwa huzuni: watu wanne walifariki katika mkanyagano walipokuwa wakiingia uwanjani. Mnamo Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN, Shirikisho la Soka Barani Afrika liliagiza idadi ya mashabiki katika uwanja wa Kasarani ipunguzwe hadi 27,000 baada ya kanuni za usalama kukiukwa. Kenya, Tanzania na Uganda zimekabidhiwa pia uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Taifa zima, si Turkana pekee, lina uhaba wa watu wanaojua kuongoza umati bila rungu.

Itakuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba Turkana inaanza kutoka sufuri. Katika akiriket, karamu ya jadi ya nyama, wanaume huketi kwa nusu duara, kila mmoja akiijua nafasi yake. Makundi mawili ya Ngimor, yaani mawe, na Ngirisai, yaani chui, huheshimiwa katika utaratibu wa kuketi na wa kugawa nyama. Mzee anayeongoza shughuli hiyo hahitaji kufundishwa itifaki. Yeye ndiye itifaki.

Kule kambini nako, akina mama wa Kisomali, Kikongo na Kisudan Kusini wamekuwa wakipikia mamia ya watu katika arusi na matanga kwa miongo mitatu. Utafiti wa Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) uliotolewa mwaka 2018 ulibaini kwamba Kakuma ilikuwa na biashara zaidi ya 2,000, na kwamba matumizi ya wakazi wake yalifikia dola milioni 56 kwa mwaka. Hawa si watu wa kufunzwa kuwasha moto.

Wanachokosa ni kile kinachowatenga na zabuni: cheti kinachotambulika, uwezo wa kuandaa bajeti na mkataba, kumbukumbu za usalama wa chakula, mpango wa dharura, na mtaji wa vifaa. Hapo ndipo vyuo vinapopaswa kuingia.

Chuo cha mafunzo ya kiufundi cha Lodwar, vituo vya Don Bosco huko Kakuma na chuo kikuu kilichoko Lodwar vinaweza kuafikiana kuhusu jambo moja rahisi: tamasha lenyewe liwe darasa. Miezi mitatu kabla ya Tobong'u Lore, wanafunzi wagawanywe katika vikosi vya maji, jikoni, usafi, viti na itifaki, milango na huduma ya kwanza. Wapange, watekeleze, kisha waandike ripoti ya kilichoharibika. Mwalimu awapime kwa kazi, si kwa karatasi ya mtihani pekee. Huo ndio hasa msingi wa mafunzo ya umilisi ambayo Serikali imekuwa ikiyapigia debe katika vyuo vya kiufundi.

Sheria pia ipo upande wao. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inataka angalau asilimia 20 ya zabuni za kaunti zitengewe wakazi wa kaunti husika. Kuna pia mgao wa asilimia 30 wa zabuni za Serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini mgao bila ujuzi ni mlango uliofunguliwa mbele ya asiye na miguu. Kampuni kubwa inayoshinda zabuni ya tamasha iwekewe sharti la kuwachukua wanafunzi wa hapo na kuwalipa, si kuwapa fulana na chakula cha mchana.

Kaunti nayo inaweza kununua mahema, viti na masufuria makubwa, na kuvikodisha kwa vikundi vya vijana kwa bei nafuu. Zaidi ya yote, ilipe kwa wakati. Malimbikizo ya madeni ya kaunti zetu yamewafilisi wafanyabiashara wazoefu; kikundi cha wahitimu sita hakiwezi kusubiri hundi kwa miaka miwili.

Lipo suala nyeti la wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 iliwapa nafasi ya kufanya kazi na kujikimu, na mnamo Machi 2025 Serikali ilizindua Mpango wa Shirika unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi yanayowajumuisha wakimbizi na wenyeji. Kalobeyei yenyewe ilianzishwa kwa wazo hilo. Ila mkimbizi bado huhitaji kibali ili atoke katika eneo alilotengewa. Mpishi aliyehitimu Kalobeyei akialikwa kupika Lodwar, ndani ya kaunti ile ile, kazi yake itategemea karatasi hiyo kutoka kabla ya siku ya hafla.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992. Siku hizo mbili zimekuwa zaidi ya miaka 30, na mwenye kuomba jembe ni mgeni mwenyewe.

Wapo watakaouliza iwapo kaunti iliyopitia ukame mkali wa 2020 hadi 2023 inapaswa kuzungumzia karamu. Swali hilo ni la haki. Lakini mwaka 2025 mgao wa chakula cha msaada ulipunguzwa Kakuma na Kalobeyei, na hasira zikamwagika barabarani. Msaada si urithi. Mwenye ujuzi wa kulisha watu elfu mbili kwa usafi na kwa bajeti inayojulikana anaweza kuajiriwa katika tamasha, katika shule ya bweni, hospitalini, na hata katika kituo cha kugawa chakula wakati wa njaa.

Wageni wataendelea kuja Turkana. Watakuja kwa ajili ya ziwa, kwa ajili ya Nariokotome ambako mabaki ya Kijana wa Turkana yalipatikana mwaka 1984, na kwa ajili ya ngoma. Kaunti na vyuo vyake wana muda hadi tamasha lijalo kuamua iwapo kijana wa Kalobeyei atakuwa mlangoni akiwapokea, au nyuma ya hema akisubiri masufuria ya kuosha.